Karatasi Isiyochuja

Mama yangu hakuamini kitu chenye rangi mpaka akiloweshe. Akienda kununua kitenge, alikunja ncha yake, akaitia mate kidogo, akaisugua kwa kidole gumba huku akimtazama mwenye duka usoni. Rangi ikibaki kidoleni, kitenge kilirudi kwenye rafu na mwenye duka alipewa pole. Wanawake wengi wa rika lake pale Shinyanga walifanya hivyo, na wenye maduka walishazoea. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoleta mengine yote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyumbani nilikuwa na kompyuta, skana na printa ya wino, nilivyovinunua kwa mtu wa utafiti wa dhahabu huko Geita aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Nilichapa barua za watu na kadi za mwaliko, basi mtaani wakaniita "Ofisi". Sikuwa mtaalamu kihivyo, ila mwingine hakuwepo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kule Nkome. Yeye ndiye aliyekuwa na picha ya bibi, mama yao. Ilikuwa moja tu, ya studio, nyeusi na nyeupe. Aliitunza ndani ya sanduku, imefungwa kwa kipande cha kanga ya marehemu. Bibi alipofariki mama alikuwa ameolewa Masumbwe. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na alipofika Nkome tanga lilikuwa limeshaanuliwa. Alikuta udongo mbichi na watu wanafagia uwanja. Tangu hapo kila alipomwomba kaka yake ile picha, jibu lilikuwa lile lile: picha ya mama inakaa kwenye nyumba ya mama.

Mwaka huo mjomba alikubali kuileta niinakili. Alifika jioni na magunia yake ya dagaa, nikamwamkia, akaitikia, akasema kesho yake alasiri anaondoka nayo.

Asubuhi tukaenda na mama kwenye duka la vifaa vya ofisi la mzee mmoja Mhindi, ambaye babu yake alifungua duka hilo hilo. Alitutolea karatasi za aina mbili. Moja ilifubaa kama ukuta uliopakwa chokaa, na kwenye bahasha yake palichorwa printa ya wino. Nyingine iling'aa vizuri, na kwenye bahasha yake hapakuwa na mchoro wowote.

"Hii ya kung'aa ni ya mashine gani?" nikamuuliza.

"Watu wanachukua kwa picha," akasema. Hilo halikuwa jibu.

Mama alishazishika zote mbili, anazipima kwa vidole. Akatia mate kwenye pembe ya ile inayong'aa.

"Mama, hiyo si kitenge," mzee akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nataka hii. Picha ni ile inayong'aa. Hiyo nyingine ni karatasi ya kubandika matangazo."

Nilimwambia kwamba mchoro wa printa haukuwekwa pale kama pambo. Nilimwambia pia kwamba hata wachimbaji wa Geita wanajua jiwe linalong'aa zaidi mara nyingi ndilo la kutupa. Akanijibu kwamba kama nimesoma sana nimnunulie zote mbili. Nikanunua zote mbili.

Nilichapa kwanza kwenye ile ya kung'aa. Lazima niseme ukweli, ilitoka nzuri. Bibi amekaa kwenye kiti cha studio, mikono magotini, na uso wa mtu aliyelazimishwa kukaa. Nikailaza mezani nikamwambia mama asiiguse, wino haujanywewa. Nikatoka kununua mkaa.

Niliporudi alikuwa amesimama mezani, kidole gumba chake ni zambarau, maana printa ile ilichanganya rangi kupata nyeusi. Pembeni pa picha palikuwa peupe, hapana rangi ya kupima, kwa hiyo alisugua begani kwa bibi. Karatasi ile haikunywa wino hata kidogo. Wino wote ulielea juu, na kidole kikateleza kikapita usoni. Bibi hakuwa na jicho wala mdomo tena.

Nikaweka ile iliyofubaa. Wino uliobaki ulitosha picha moja, na hata hiyo ilitoka imepauka, ina mistari ya kukatiza. Niliilowesha kidogo kwa makusudi. Haikuchuja. Karatasi ilikuwa sahihi, ila wino ndio ulikwisha, na Shinyanga nzima sikujua pa kuupata siku hiyo.

Mama aliitazama muda. "Huyu ni kama anaondoka," akasema. Kisha akakaa. "Nilichelewa kumzika. Na leo nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa analia, na kidole amekinyoosha mbali na kanga yake asiichafue.

Mjomba alikuwa mlangoni, ameshafunga mzigo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sikumbuki kama aliwahi kumbembeleza mtu. Aliingia, akafungua kile kipande cha kanga, akaitoa picha ya studio akailaza mezani. Akachukua ile niliyochapa, yenye mistari, akaifunga kwenye kanga, akaitia mfukoni.

"Kaka, umechukua siyo," mama akamwambia.

"Nimechukua hii hii. Mimi mayu, mama yetu, nilimzika, nilimwona mpaka mwisho. Wewe kaa na hiyo."

Akaniaga mimi kwanza, akaenda zake stendi. Mama alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaikausha, ndipo akaishika ile picha kwa pembe zake. Alikaa nayo mpaka giza likaingia, na hakuilowesha.