Daraja Letu na Kelele Zangu

Leo nimeaibika mbele ya kituo cha majani chai, na bado nacheka.

Mnajua mimi ni mtu wa mdomo. Ombi letu la mtandaoni, la kutaka daraja pale tunapovuka mto kwa gogo na mizigo ya majani, niliandika mimi. Nikaliposti kwa kila grupu ya Kanyakine. Nikapiga kelele hadi watu wakatoka kwa grupu. Sahihi nilizopata? Za ndugu zangu tu!

Halafu wiki jana sahihi zikaanza kumiminika. Nikajiambia, hatimaye wamenisikia.

Leo tukiwa kwa foleni tukingoja lori la majani, akaja afisa wa kaunti na tepu ya kupima mto. Akauliza, "Lile ombi ni la nani?"

Nikanyoosha kola, nikasonga mbele.

Akaangalia simu yake. "Wewe ndiye Mama Kendi? Karibu kila aliyetia sahihi ameandika ametumwa na Mama Kendi."

Woi! Mama Kendi jirani yangu, ambaye kwa mikutano hata mkono hainui!

Kumbe kila siku kwa hiyo foleni alikuwa anakaa na mtu mmoja mmoja, anamfungulia ombi kwa simu, anamngoja aandike na kutia sahihi.

Tukamgeukia pale kwa foleni, tukamwambia aongee. Akajificha nyuma ya kikapu chake.

"Mimi sijui kuongea," akasema. "Nilikuwa nauliza tu kila mtu alianguka wapi kwa lile gogo."

Sasa semeni ukweli, nani alisoma posti zangu hadi mwisho? Sitakasirika. Mto umeshapimwa.