Moto wa Maji na Pompi ya Baiskeli

Waliokuwepo siku ile wangali hai wote, kwa hiyo siwezi kudanganya: mimi Yaya Esther, dada mkubwa, wadogo zangu Furaha na Patient, jirani yetu Maman Zawadi, na wageni wetu Papa Murhula na bibi yake Mama Murhula, waliopanda mpaka kwetu mlimani Kasha kuangalia kama nyumba ya mayatima inaweza kumpa kijana wao mke, yaani Furaha (kijana mwenyewe alikuwa Kamituga, anachimba dhahabu). Aibu ni yangu peke yangu. Wengine walikuwa wamekaa tu kwenye viti.

Ilikuwa wakati wa vita, barabara ya Bunyakiri imefungwa, makala, makaa ya kupikia, hayafiki mjini, na yale machache tuliyokuwa nayo yaliishia chini ya sufuria ya maharagi. Chai ikakosa moto. Maman Zawadi akaninyooshea ndoo yake ya makala: "Beba, utarudisha siku barabara itafunguka." Nami, kwa kuwa tangu wazazi wetu wafe niliapa hakuna atakayetuita ombaomba, nikamjibu, "Aksanti, Maman. Leo tunapika na maji."

Nieleze kidogo. Patient alikuwa sekondari (mimi niliacha masomo ili yeye asiache), na mwalimu wao alisema ndani ya maji kuna gesi, hidrojeni, ukipitisha umeme inatoka, ukiiwasha inawaka bila moshi wala masizi, kisha inageuka tena maji. Mimi niliyekohoa moshi wa kuni mbichi miaka yote niliipokea kama Injili. Patient akatafuta waya na batri kuukuu, akawa anaikusanya gesi polepole ndani ya mpira wa gurudumu la gari, umeme ukija anajaza, ukikatika anangoja, na siku moja tulichemsha yai, yai moja, tukaligawana watatu tukiisifu sayansi.

Basi, siku ya wageni nilipougusa ule mpira nikaukuta umelegea. Gesi ile ni kama siri ya mtaa, hakuna mpira unaoizuia. Umeme hakuna, Patient ameteremka kupokea wageni. Nikatazama ukutani, nikaona pompi ya baiskeli ya marehemu papa, baba yetu. Gurudumu likilegea watu wanafanya nini? Nikapompa mpaka mpira ukakaza kama ngoma, natoka jasho, najiona mhandisi.

Wageni walipokaa, Furaha akipanga vikombe, nikaleta mtambo wangu, mpira na birika, palepale sebuleni (ndiyo, sebuleni, nilitaka waone).

"Papa, leo utakunywa chai ya moto wa maji."

"Binti, nimeona mengi, lakini maji kuwaka, hapana!"

Patient akaingia, akaganda mlangoni. "Yaya, umeme haiko, mpira umejaa namna gani?"

"Nimeiongeza upepo."

"Yaya, acha!"

Kiberiti kilikuwa kimeshawaka.

Mlio ule, ndugu zangu! Kifuniko cha birika kilinasa kwenye dari. Na miaka ile hakuna aliyeuliza mlio ni wa nini: milango, mbuzi, watoto, mtaa mzima ukatimka, Maman Zawadi mbele na godoro kichwani, "Wamefika! Wamefika!" Mimi nilipofumbua macho nilikuwa nimewalalia Furaha na Patient kama kuku na vifaranga, nyusi zangu zinanuka kichwa cha mbuzi kilichobabuliwa.

"Yaya, ndoa imekufa," Furaha akalia.

Patient, bado chini yangu: "Yenyewe peke yake inawaka. Ikichanganyika na hewa inalipuka. Ile iko somo la kesho yake, Yaya."

Mama Murhula, ambaye hakuwa ametoka kwenye kiti, akainama kutazama chini ya meza. "Baba, toka. Ni chai."

Papa Murhula akatoka na kofia yake kichwani, akajipangusa magoti. Nikangoja atuage.

"Huyu amelalia wadogo wake," akasema. "Mimi niliacha bibi kwenye kiti."

"Nimeona," bibi yake akasema.

"Basi mutoto wetu ataoa hapa."

Nikatoka bila nyusi kurudisha mtaa mzima, nikipita njiani naita, "Rudini, ni chai!" Maman Zawadi akaleta makala bila kuniuliza, na safari hii nikapokea. Lakini Papa Murhula akakataa kikombe: aliahidiwa chai ya moto wa maji, atangoja.

Furaha sasa ana watoto. Patient bado anatafuta chombo kisichovuja. Pompi nimeapa haitagusa tena kitu kisicho baiskeli. Na Papa Murhula, kila akija, anafunika kikombe chake kifudifudi juu ya meza: "Yaya Esther, deni." Nakiosha hivyohivyo kikiwa safi, nakirudisha kabatini.