Sweta la Dereva

Dereva alikuwa akifuta kioo cha gari wakati kijana wa tajiri alipotoka kwenye chumba cha karata, kidevu juu kana kwamba ndiye aliyeshinda. Nyuma yake alikuja mwanamume mgeni, akichekelea.

"Mpe huyu ufunguo," kijana alisema. "Gari limeliwa."

Dereva alisonya. Hili lilikuwa la pili, na baba mtu bado aliamini lile la kwanza lipo gereji. Kijana mwenyewe haambiliki, hasemezeki. Alitoa ufunguo, akachukua sweta lake kitini, wakashika njia ya nyumbani kwa miguu huku kijana akilalamikia vumbi la viatuni. Mawingu yalikuwa yametanda.

"Sikia," kijana alisema bila kugeuka, "tuwekeane dau: tukifika kabla ya mvua, hilo sweta ni langu."

Dereva alilivaa, akafunga vifungo vyote.