Aliyefunga Breki Hupanda Lori

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nimekaa nacheka na wajukuu, na kicheko hunikatika.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi kijana kwenye gereji moja huku Mbozi. Mkuu wetu, Mzee Simbeye, alikuwa na desturi yake: aliyefunga breki ndiye hupanda lori safari ya kwanza, akae kando ya dereva mpaka mteremko uishe. Sisi vijana tulimcheka, tukidhani ni uzee.

Jumamosi hiyo nilifunga silinda mpya ya breki kwenye gurudumu la nyuma la lori lililokuwa linakwenda Ivuna kuchukua chumvi. Silinda hiyo ndiyo husukuma breki zishike. Ikibaki na upepo ndani, pedali huzama bure. Basi utingo akawa anakanyaga pedali, mimi chini nalegeza skrubu, mafuta yanatoka na mapovu. Mapovu yalikuwa yamepungua, mwanangu, hayakuwa yamekwisha. Lakini wajomba walikuwa wakinisubiri twende Igamba kuposa, na mkwe hangojeshwi. Nikakaza skrubu. Nikalijaribu lori pale uani, penye tambarare, likasimama.

"Na safari je?" Mzee akauliza.

"Niwie radhi Mzee, leo nakwenda ukweni. Breki ni nzima."

Akanitazama, akachukua koti lake. "Haya, nenda. Nitapanda mimi."

Nikaondoka mbio kwa furaha. Haraka haraka haina baraka. Najua msemo huo umeusikia mpaka umekuchosha, hata mimi ulikuwa umenichosha.

Kwenye mteremko wa kushukia bonde la Rukwa, pedali ilizama. Dereva akalibamiza lori kwenye ukuta wa mlima lisitumbukie korongoni, na upande uliogonga ndio aliokaa Mzee. Mguu wake ulikatwa.

Nilipokwenda kumwona nililia kama mtoto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungejua utapanda wewe, ungemwambia utingo akanyage tena." Afadhali angenichapa. Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Basi, mwanangu, kazi ya mwenzio ifanye kama wewe ndiye utakayepanda. Ukiona povu, usikaze. Wakwe wakinuna utawaomba radhi, watakusamehe. Mguu hauombwi radhi ukarudi.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayepanda ulichokitengeneza afike kwake, ashuke, aingie ndani kwa miguu yake miwili.