Kidole Gumba cha Ouma

Likizo hii nilipofungua katoni iliyo chini ya kitanda, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: karatasi kuukuu na mafuta ya samaki. Nikajua mara moja ni kile kitabu cha katuni za kutisha ambacho kakangu Ouma alikipata soko la Homa Bay, hata jalada hakina.

Mimi si mtu wa kuongea, ndiyo maana naandika. Nyinyi mnaosoma msinicheke.

Nilikuwa darasa la kwanza, Ouma la saba. Mama alikuwa amefariki mwaka huohuo, tukawa tunaishi Karungu na nyanya yetu, Dani, aliyekaanga samaki wa kuuza. Mchana, tukishamsaidia kupara samaki, tulikaa juu ya kaburi la Mama pale mbele ya nyumba, maana saruji yake ilikuwa baridi na mpera uliitia kivuli. Hapo Ouma alinisomea. Kizungu cha kitabu alikigeuza Kijaluo, na mifupa ikipiga hodi aliipa sauti ya mwalimu wetu mkuu. Nililia kwa hofu, kisha nikamwambia arudie.

Lakini kulikuwa na picha moja. Tukifika ukurasa wake, kidole gumba cha Ouma kilikuwa kimeshatua juu yake. Alisema hapo wino ulimwagika. Nilikivuta kile kidole, siku nyingine hata nikakiuma. Dani alicheka kutoka jikoni, akasema, "Mwache mtoto aone. Macho hayana pazia." Ouma hakukubali.

Siku moja nilichoka. Nikamwambia, "Mama angenionyesha."

Alifunga kitabu polepole, akapangusa mbegu za mapera tulizodondosha kwenye saruji, akaingia ndani. Kesho yake tulisoma tena, na kidole kikarudi palepale.

Siku hizi Ouma yuko Awendo, anapakia miwa kwenye malori. Hupiga simu, huuliza kama nimekula, basi.

Kwa hivyo ukurasa ule niliufungua peke yangu. Hakuna wino uliomwagika. Mafuta ya kidole chake yameacha doa la mviringo, na ndani ya doa kuna mama aliyetoka kaburini, kaburi la mbele ya nyumba kama letu. Amesimama mlangoni, uso umeoza, anawanyooshea watoto wake mikono. Watoto wanamkimbia.

Sijawahi kuliogopa kaburi la Mama. Nimecheza juu yake, nimelala usingizi juu yake. Nilidhani ni ujasiri wangu. Kumbe Ouma, ambaye hakuwa na mkubwa wa kumfunikia, aliiona picha hiyo kwanza, na bado akaja kukaa pale na mimi kila mchana.

Nilijaribu kuifunika kwa kidole changu. Hakikutosha, uso wa yule mama ulibaki ukichungulia pembeni. Nikatoka na kitabu, nikakaa upande wangu wa saruji, nikamwachia Ouma upande wake.