Mkungu wa Majaribio

Laiti ningemkatalia mwenyekiti wetu wa kijiji cha ujamaa, Buganguzi, aliponiagiza nimkatie mgeni mkungu wa ndizi. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kuajiriwa kulinda migomba ya majaribio. Mgomba mmoja tu ndio uliokuwa umewashinda fukusi, wadudu wanaotoboa shina, na mtafiti alikuwa anausubiri mkungu wake aupime.

“Mgeni wa wilaya atakula nini, waitu? Hotuba?” mwenyekiti alinikejeli. “Mhaya amkaribishe mtu bila ndizi?”

Fukusi walikuwa wameharibu mikungu yote mizuri kijijini. Nikaona aibu, nikaukata ule wa majaribio.

Mchana mgeni akashuka garini na mtafiti, aliyemleta kuuona mgomba huo. Kwanza wakakaribishwa chakula.

“Ndizi laini hizi!” mtafiti akasifu. “Za nani?”

“Zako, waitu,” mwenyekiti akajibu kwa fahari. “Kijana wako ndiye aliyezikata.”

Mtafiti akarudisha tonge sahanini, akanitazama. Mimi, msomi wa kijiji, nilikuwa bado natafuna.

Nilifukuzwa, na majaribio yakahamishiwa Kimwani. Migomba mipya ilipogawiwa, sisi hatukupewa. Fukusi wakakimaliza kibanja cha baba yangu, naye akafa bila kuwa na mgomba hata mmoja.