Mkutano wa Dirishani

Milka Achola hatulii. Nimeuza viazi na kabichi hatua chache kutoka kwenye karai lake la samaki hapa Nyalenda tangu binti zetu wakibebwa mgongoni, na sijawahi kumwona amekaa kitako akamaliza chai ikiwa bado ina moto. Atainuka kugeuza samaki ambao hata hawajaiva upande wa chini, aende kutazama kama maji yamerudi mferejini, arudi aniulize nilikuwa nasema nini. Nikianza kumweleza, ameshaondoka tena. Kwetu Murang'a mtu wa namna hii angeombewa.

Muhula uliopita alizidi. Kwenda ufuoni Dunga alfajiri kuchagua samaki aina ya ngege, kukaanga mchana kutwa na kufunga usiku, hayo ni maisha yake ya kawaida. Lakini sasa kila jioni aliacha mafuta yakichemka, akaniambia, "Niangalilie, Mama Shiro," akakimbia mpaka kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga na kurudi akihema. Mwishowe nilimuuliza, naye akanijibu bila kuzunguka. Jirani wa chumba cha mwisho, mwanamume mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa ameanza kumletea Caren chipsi na kumwita mrembo.

Caren ni kitinda mimba wake, yuko Gredi ya Nane pamoja na Shiro wangu. Baba yake, marehemu Obonyo, alizikwa zamani huko Seme, kwa hiyo jioni mtoto hubaki peke yake chumbani mpaka mama afunge biashara. Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kumtia adabu yule mzee mzima saa hiyohiyo. Milka akanishika mkono. Alisema mtu huyo hajafanya lolote la kushikwa nalo, na ukimshtaki bila ushahidi atakugeuza wewe ndiwe mbaya mbele ya ploti nzima.

Basi akakata shauri peke yake. Muhula ukifungwa, Caren angehamia kwa dada yake Sheryl. Sheryl ameolewa na mwalimu anayeitwa Zadock Odongo, na wanaishi Milimani, katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba kubwa ya tajiri fulani. Kule maji yako ndani na geti lina mlinzi. Zadock alikubali mara moja. Caren hakuulizwa, wala hakuambiwa sababu, kwa kuwa mama yake aliogopa akijua ataanza kutetemeka hata akienda bafuni. Aliambiwa tu kwamba atahama, naye tangu siku hiyo akawa hamsemeshi mama yake ila kwa lazima.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi Mkikuyu nilikuwa nikilicheka. Kwa Waluo, mama na mume wa binti yake hawakaribiani ovyo. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai uso kwa uso, na mama haingii katika nyumba ile mpaka mahari na mambo mengine ya ndoa yakamilike na aalikwe kwa heshima zote. Ya Sheryl hayajakamilika. Kwa hiyo Milimani, mahali pa kwenda kwa miguu na kurudi kabla mafuta hayajapoa, Milka hajawahi kutia mguu. Mjukuu wake humbeba palepale kando ya karai Sheryl akipita, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine mwiko.

Ndipo shule ikatuletea mambo mapya. Mwalimu mkuu, Bwana Wanyonyi, alituita kwenye mkutano wa malengo, na akasema safari hii mwalimu hatahutubu huku mtoto akitazama sakafu. Mwanafunzi mwenyewe ndiye angeongoza. Angekaribisha, apange viti, kisha aseme bila kusoma popote anataka kufikia nini katika masomo, anataka nini nyumbani, na ana ombi gani kwa mzazi wake. Mzazi angejibu papo hapo. Nilisema hawa watu wamekosa kazi. Nimzae mimi, nimlishe mimi, halafu anipangie ajenda?

Milka hakuudhika kama mimi, aliogopa. Mwalimu wa darasa la watoto wetu tangu muhula uanze alikuwa Zadock. Tuliambiwa ni meza moja ndogo na viti vitatu, magoti karibu yagusane. Akaniomba niende kwa niaba yake, nikakubali. Lakini jioni ile Caren alikuja kibandani kwangu na kusimama kando ya magunia, akaniambia kwa adabu kwamba ananishukuru, ila yeye hakumwalika Mama Shiro. Alimwalika mama yake.

Siku yenyewe Milka alivaa rinda lake la kanisani, na njiani alisimama mara nyingi hivi kwamba nilianza kumsukuma mgongoni. Alisema amesahau kufunika samaki, kisha kwamba kichwa kinamuuma. Mlangoni tulimkuta Caren akitungoja, sketi imepigwa pasi. Alikuwa ameshamwendea Bwana Wanyonyi kumweleza shida, na Bwana Wanyonyi ni Mbukusu ambaye yeye mwenyewe hukata kona akimwona mama mkwe wake sokoni. Alimwambia mkutano ni wake, apange viti anavyoona vinafaa.

Naye alivipanga. Kiti cha mwalimu alikitoa nje kwenye veranda, kikaegemea ukuta chini ya dirisha, uso ukielekea uwanjani. Cha mama alikiweka ndani, kando ya ubao. Yeye akasimama katikati, dirishani, mahali ambapo angewasikia wote wawili nao wasionane. Mimi na Shiro tulikaa benchi la nyuma kungoja zamu yetu. Dirisha halina kioo, kwa hiyo kila mtu alisikia kila neno, lakini kila mtu alingoja Caren alipeleke. Nilijiuma mdomo nisicheke.

"Mwalimu anakusalimia, Mama."

"Mwambie sijambo. Muulize watu wa nyumbani kwake wako aje."

Caren akageuka, akauliza, akageuka tena na kusema wako salama, mtoto ameota jino. Milka alitabasamu, kisha akatazama chini haraka. Caren akaendelea kwa sauti ya mtu aliyejizoeza. Katika masomo alitaka kupanda katika hisabati, na akaeleza anakokwama na atakavyofanya. Mwalimu akakohoa huko nje na kuongeza kwamba ana bidii. Milka alikuwa ameshainuka kitini, akakaa, akainuka tena akafunga mlango ambao ulikuwa umefungwa.

"La nyumbani," Caren akasema, na sauti yake ya kujizoeza ikamtoka. "Lengo langu ni kubaki. Sitaki kuhamia kwa Sheryl. Na ombi langu kwako ndilo hilo, Mama, usinipeleke."

Nilimwona Milka akikunja leso yake na kuikunjua. Kumkatalia mkwe wema wake akisikia ni aibu kubwa, na mtoto alikuwa amelitoa neno hilo palepale dirishani. Milka alimwambia amwambie mwalimu kwamba wamesikia na watazungumza nyumbani.

"Mwalimu sijamuuliza kitu. Nimekuuliza wewe. Nyumbani hatuzungumzi, unaingia nikiwa nimelala." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini hakuyafuta. "Nikienda kule huwezi kuja. Nitakusalimia kando ya karai kama mteja, kisha niende. Umechoka na mimi?"

Nilidhani Milka atatoka nje. Miguu yake ilikuwa tayari imeelekea mlangoni, nami namjua. Badala yake alimwendea mtoto wake, akasimama naye dirishani, karibu na kichwa cha mkwe wake kuliko mila inavyomruhusu.

"Naogopa, nyathina, mwanangu," akasema. "Yule mtu wa chumba cha mwisho. Kila jioni moyo wangu uko kwa mlango wako. Nakaanga lakini siko pale."

Caren akasema anajua. Chipsi za yule mtu alikuwa akiwatupia kuku, na mlango akiufunga kwa kitasa na kuusogezea jiko. Hakusema, kwa sababu alijua akisema tu ataondolewa. Hapo kicheko changu chote kiliniisha, nikamshika Shiro mkono mpaka akaniambia namuumiza.

Milka akasema bila kuinua sauti:

"Mwambie mwalimu nashukuru sana kwa nafasi. Mwambie Caren haji."

"Akiuliza sababu?"

"Mwambie mtoto wa kuonana naye barabarani ninaye mmoja tayari. Sitaki wa pili."

Caren hakugeuka kulipeleka neno hilo, na halikuhitaji kupelekwa. Kiti cha nje kilikwaruza saruji. Niliponyanyuka kuchungulia, Zadock alikuwa ameinama, viwiko magotini, akitazama uwanja usio na mtu. Alisema, "Caren, mwambie mama nimemsikia. Mwambie lile la ndoa ya dada yako ni langu kulimaliza." Milka alimfuta Caren uso kwa leso yake, na mkutano ukaisha hivyo, bila hata kupiga makofi kama tulivyoagizwa.

Jioni hiyohiyo tulibeba karai, Milka shikio moja na mimi lile lingine, tukalitoa njia panda na kuliweka getini mwa ploti yao, likitazamana na chumba cha mwisho. Nilimwambia atapoteza wateja, na kweli wengi hawakumfuata. Caren na Shiro walikaa juu ya gunia langu na vitabu vyao, nami nikamenya viazi kwa kisu kirefu kuliko kilichohitajika. Milka aliinuka, akakaa, akainuka, akageuza samaki ambao hawajaiva. Giza lilipoingia, yule mwanamume alirudi na mfuko wa karatasi mkononi. Aliwaona watoto kwanza, akatabasamu.

"Caren, mrembo, habari ya leo?"

Milka alisimama, mwiko ukidondosha mafuta. "Huyo ana mama," akamwambia. "Na mama yake yuko hapa. Kila siku."

Yule mwanamume alitutazama wote, akaingia kwake, akafunga mlango.